Ng'ambo ya Unguja: Mji Uliojengwa na Wakaazi Wake

Nimeombwa nizungumze juu ya mitaa ya zamani ya mji wetu. Nadhani wengi wenu mlitarajia kusikia habari za Mji Mkongwe. Leo nitazungumzia Ng'ambo.

Mgeni anapotembezwa mjini Unguja njia yake inajulikana. Huanzia Forodhani, akapita Beit el Ajaib na Ngome Kongwe, akaonyeshwa milango ya Shangani, akaingia katika kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, akamalizia Darajani kununua viungo. Akifika barabara ya Benjamin Mkapa hugeuzwa arudi alikotoka. Kuta na milango aliyoiona imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na inastahiki kuonwa. Lakini ng'ambo ya barabara ile, hatua chache kutoka soko la Darajani, ndiko walikokaa watu wengi wa mji huu kwa zaidi ya miaka 100. Wachukuzi wa bandarini, wachaguzi wa karafuu, mafundi seremala, mabaharia, wauza samaki, madobi, wapishi wa nyumba za wakubwa, wote hao jioni walirudi Ng'ambo.

Ninachotaka kukisema leo ni hiki. Ng'ambo ni mji kamili, uliopangwa na wakaazi wake kwa kanuni walizozijua wenyewe. Kila utawala uliokuja uliutazama mji huo ukaona kiwanja kinachongoja mpangaji. Matatizo mengi tunayolalamikia mitaani mwetu yameanzia hapo.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mji Mkongwe umekaa kwenye rasi iliyokaribia kuwa kisiwa. Baina yake na kisiwa kikubwa kulikuwa na hori la bahari. Bamvua lilipojaa, maji yalipita na ngalawa zikaelea; maji yalipokupwa ilibaki matope, na harufu yake iliwafanya Wazungu wa zamani waandike barua nyingi za malalamiko. Watu walivuka kwa daraja, ndipo pakaitwa Darajani, au walizunguka kupitia Mnazi Mmoja, kwenye shingo ya nchi kavu upande wa kusini. Hori lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20. Upande wa Mnazi Mmoja ulitangulia ukawa viwanja vya michezo, na hadi mwisho wa miaka ya 1950 maji yote yalikuwa yameondoka, barabara imepita mahali pake. Kijana wa leo huvuka mpaka ule kwa dakika moja akikwepa vespa na daladala, na hajui kwamba chini ya lami ile kuna bahari iliyofukiwa.

Wakati wa Seyyid Said, katikati ya karne ya 19, karibu Ng'ambo yote ilikuwa mashamba, miembe na minazi. Vibanda vya udongo vilikuwapo hata upande wa rasi, Malindi na Vuga. Kadiri matajiri walivyojenga kwa mawe na kadiri bei ya ardhi ya rasi ilivyopanda, watu wa vibanda walisogezwa kuvuka hori. Halafu ukaja mwaka 1897. Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, na katika miaka iliyofuata maelfu ya watu waliokuwa wakimilikiwa mashambani na majumbani walitafuta mahali pa kuanza maisha ambapo hawatatajwa kwa jina la bwana. Wengi walikuja mjini, na mji uliowapokea ulikuwa Ng'ambo. Walikutana huko na Wangazija, Wahadhrami, Washihiri wa maji na kahawa, Wahindi wa maduka madogo, Wanyamwezi na Wamanyema waliokuja na misafara, na Washirazi kutoka Makunduchi na Tumbatu. Wasomi wanaotazama historia yetu kwa jicho la makabila husahau kwamba katika mtaa mmoja wa Ng'ambo watu wa asili zote hizo walikuwa wakipakana ukuta kwa ukuta, wakizikana na kuozana.

Mitaa waliiita kwa vitu walivyovikuta na watu waliowajua. Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Mbuyuni, Kisimamajongoo, Kwahani, Kwa Alinatu. Miti mingi katika hiyo haipo tena, na visima vingi vimefunikwa. Majina yamebaki kuwa ramani ya kijani ya mahali ambapo sasa ni saruji tupu, na mpimaji yeyote wa ardhi angefaidika kuyasoma kabla ya kuchora mfereji.

Sasa naomba mnivumilie, maana nataka kuijenga nyumba moja mbele yenu, kiambaza kwa kiambaza. Bila ya kuielewa nyumba, mtaa hauelezeki.

Nyumba ya Ng'ambo ilianza na miti. Boriti za mikoko zilichimbiwa ardhini kufuata mstatili uliopimwa kwa hatua. Fito zikafungwa ulalo, ndani na nje, na nafasi ya katikati ikajazwa vijiwe vya matumbawe na udongo mwekundu uliokandwa kwa miguu. Kazi ya kukandika haikuwa ya mtu mmoja. Majirani waliitwa, wanaume wakabeba, wanawake wakateka maji, na uwani kwa jirani sufuria la wali likawa jikoni tangu asubuhi. Kiambaza kikishakauka kilipigwa chokaa. Juu ziliwekwa kombamoyo na pau, kisha makuti. Madebe ya mafuta ya taa yalipozidi mjini, watu waliyapasua, wakayanyoosha na kuyafanya viraka vya paa, ndipo baadaye bati likaenea. Ofisa wa kikoloni aliyepita aliona paa la madebe akaandika neno "kibanda". Chini ya paa lile palikuwa na nyumba ambayo ingeweza kukaliwa na vizazi vitatu ikiwa udongo wake utakarabatiwa baada ya kila masika.

Ukiingia mlango wa mbele, uko ukumbini. Ukumbi unaikata nyumba katikati hadi mlango wa nyuma, na vyumba vimejipanga pande zake mbili. Mlango wa nyuma unatoka uwani, na hapo ndipo penye jiko, choo, kamba za nguo, mpapai, pengine na kisima. Mbele ya nyumba kuna baraza. Mpango huu mfupi umebeba sheria nyingi. Mwanamume asiye wa nyumba huishia barazani. Hapo atakaribishwa kahawa, atazungumza mpaka isha, na hatakuwa amevunja stara ya mtu. Wanawake walipita uwani kwenda kwa jirani kuomba kaa la moto au kupeleka kombe la futari, bila ya kulazimika kutokea njiani. Baraza lilikuwa la mwenye nyumba, lakini hakuna mpita njia aliyezuiwa kukaa. Upana wa njia, mahali pa kumwaga maji, urefu wa upenu usiomwagia maji ukuta wa mwenzio: hayo yote yalizungumzwa na wazee wa mtaa na yakamalizwa hapohapo. Haya ninayoyataja ndiyo mipango miji. Hayakuwa na mchoro wa buluu, ila kila aliyekuwa akiishi pale aliyajua.

Kuna jambo jingine katika nyumba ile ambalo halionekani kwa macho. Mjane mwenye nyumba ya vyumba sita alikaa katika kimoja, akapangisha vilivyobaki kwa mabaharia, kwa mafundi, kwa wasichana waliokuja mjini kutafuta kazi. Nyumba ndiyo iliyokuwa akiba yake ya uzeeni. Miongoni mwa wenye nyumba wa Ng'ambo wanawake hawakuwa wachache, na wengi wao walikuwa wamezaliwa utumwani au ni watoto wa waliokuwa watumwa. Walinunua, waliuza, waliweka rehani, walirithisha, na walipodhulumiwa walikwenda kwa kadhi. Mtu ambaye mama yake aliwahi kuhesabiwa kuwa mali, sasa yeye ana mali yenye hati. Sidhani kama kuna mahali pengine katika historia ya mji huu ambapo maana ya uhuru imeonekana wazi kama hapo.

Lakini aliyekuwa na nyumba hakuwa na ardhi. Huo ndio mfupa wa kisa chetu. Ardhi ya Ng'ambo ilikuwa ya wamiliki wachache, Waarabu na baadaye matajiri wa Kihindi, na sehemu yake ilikuwa wakf. Zamani bwana wa ardhi alimruhusu mtu kujenga bila malipo au kwa malipo madogo ya heshima, kwa sababu kuwa na watu wanaokutegemea kulikuwa ni hadhi. Utumwa ulipoondoka na mji ukapanuka, hadhi ile ikageuka biashara. Kodi ya kiwanja ilianza kudaiwa, ikapanda, ikapanda tena. Mwenye nyumba alijikuta analipia ardhi iliyo chini ya kuta alizozikandika kwa mikono yake, na asipolipa huambiwa ang'oe boriti zake aende.

Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa. Vikao vilifanyika mitaani, barazani na misikitini, na wanawake wenye nyumba walikuwa mstari wa mbele. Waliokamatwa walifuatwa na umati. Serikali ya Waingereza, iliyozoea kudhani kwamba Ng'ambo hakuna uongozi kwa sababu haikuuchagua yenyewe, ilishtuka, na ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi ya ardhi kupandishwa ovyo. Mgomo huu haumo katika vitabu vingi vya skuli. Watoto wetu wanasomeshwa tarehe za masultani wote, lakini hawajui kwamba bibi zao waliwahi kuitikisa serikali kwa kukataa kulipa kodi ya kiwanja. Wizara ya Elimu ingefanya jambo jema kuliingiza somo hili darasani.

Mwaka huohuo wa 1928 mwanamke mmoja wa Ng'ambo alipanda meli kwenda Bombay kurikodi nyimbo. Siti binti Saad, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, alikuwa amekuja mjini kutoka Fumba mnamo mwaka 1911. Kwanza aliuza vyungu alivyovifinyanga, akivitangaza kwa sauti iliyowafanya watu wasimame njiani. Taarabu ilikuwa ya kasri na ya klabu, na ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili, na nyumba yake ya Ng'ambo ikawa mahali pa kwenda usiku. Yaliyoimbwa pale ndiyo yaliyokuwa yamezungumzwa barazani mchana: hakimu aliyehukumu kwa upendeleo, karani aliyekula fedha za watu, mwanamume aliyemhadaa mke wa mtu. Wimbo wa "Kijiti" ulitokana na mauaji ya kweli ya mwanamke mgeni. Muuaji alitoroka, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa wamemkaribisha marehemu. Mji mzima ulikuwa ukiiona hukumu ile ni dhuluma, na hakukuwa na gazeti la kuliandika neno hilo kwa lugha ya watu. Siti aliliimba, na sahani ya santuri ikalipeleka mpaka Lamu na Dar es Salaam. Sheikh Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti aliandika juu ya mtu mmoja, lakini ukisoma kwa makini utaukuta mtaa mzima umesimama nyuma ya mtu huyo.

Na mavazi pia yalikuwa siasa. Kaniki nyeusi ilikuwa vazi la mtumwa. Walipoachwa huru, wanawake wa Ng'ambo waliiweka kando wakavaa kanga za rangi, na baadaye wakajifunika buibui, vazi ambalo zamani lilikuwa la mabibi wa nyumba za mawe. Mwanamke alipotembea kutoka Mchangani kwenda harusini Vikokotoni na kanga mpya, kila aliyemwona alijua anachokisema. Msomi wa Kimarekani Laura Fair ameyaeleza haya vizuri katika kitabu chake alichokichapisha mwaka 2001, na ninasikitika kwamba mpaka leo hakijulikani kwa wengi wa watu ambao bibi zao ndio waliomsimulia.

Sasa tuwatazame wapangaji wa mji.

Wa kwanza alikuwa Henry Vaughan Lanchester, msanifu wa Kiingereza, aliyeandika mpango wa mji wa Zanzibar mwaka 1923. Aliuona Mji Mkongwe una uzuri wake, na Ng'ambo akaiona ni mahali pa kunyoosha. Sehemu kubwa ya mpango wake kwa Ng'ambo ilibaki karatasini. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuja Eric Dutton, Katibu Mkuu wa Serikali, na mpango wa maendeleo wa miaka 10 ulioanza 1946. Dutton alitaka kuijenga Ng'ambo upya kwa nyumba za mfano na barabara zilizonyooka. Nyumba za mfano zilikuwa ghali kuliko mfuko wa mchukuzi wa bandarini, na mpango ukaishiwa fedha kabla ya kuishiwa maneno. Kilichobaki ni jengo la Raha Leo, kituo cha mikutano na burudani kwa wakaazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 redio ya Sauti ya Unguja ikaanza kutangaza kutoka hapo. Serikali ilitaka watu wa Ng'ambo wapate mahali pa kustarehe chini ya jicho lake. Iliwapa ukumbi na mnara wa redio katikati ya mitaa yao.

Mnajua yaliyofuata. Katika uchaguzi wa Julai 1957 Sheikh Abeid Amani Karume alimshinda Sheikh Ali Muhsin Barwani katika jimbo la Ng'ambo. Makao makuu ya chama chake cha Afro-Shirazi yakawa Kisiwandui. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 bohari ya silaha ya polisi Ziwani ilivamiwa, na asubuhi sauti ya John Okello, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi, ikasikika redioni kutoka Raha Leo. Raha Leo ikawa makao ya Mapinduzi kwa siku zile za mwanzo. Ziwani, Raha Leo, Kisiwandui: pote huko ni mwendo wa miguu. Kuna waliofurahi siku ile na kuna waliopoteza jamaa na mali, na humu ukumbini wamo watoto wa pande zote mbili. Siku hiyo ina mhadhara wake, nao unataka moyo mwingine na muda mwingine. Ninachokitaja hapa ni kwamba mtaa ulioitwa wa vibanda ulikuwa umekwisha kuwa kiini cha siasa ya nchi kabla ya bunduki ya kwanza.

Machi 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya Serikali. Kodi ya kiwanja, iliyowafanya watu wagome mwaka 1928, ikafutika. Hebu fikirini furaha ya mjane yule mwenye vyumba sita siku hiyo. Hakuna tena bwana wa ardhi wa kumwambia ang'oe boriti zake.

Miaka michache baadaye akaambiwa azing'oe.

Mwaka 1968 mtaalamu kutoka Ujerumani Mashariki, Hubert Scholz, aliandika mpango mpya wa mji. Mzee Karume, sasa akiwa Rais, alikuwa na nia ambayo sitaki mtu yeyote aidharau mbele yangu. Alitaka mtu wa chini, aliyelala chini ya paa la madebe, alale katika nyumba ya saruji yenye maji ya bomba na umeme, na asilipe kodi. Alikuwa baharia, aliishi mitaa hii, aliijua mvua ya masika inavyoingia ndani. Kwa hivyo barabara mbili pana zilichorwa kama msalaba juu ya mitaa ya zamani, na pembeni mwake yakapandishwa majumba ya Michenzani, mapana na marefu, baadhi yao yakikaribia urefu wa mita 300. Kazi ilianza mwaka 1970 na kuendelea miaka mingi baada ya kifo chake. Watu wa mjini walijitolea kazi za ujenzi wa taifa, wakabeba zege kwa karai. Kila jumba likapewa namba, na hadi leo mtu atakwambia anakaa Jumba Namba Sita, kama vile babu yake alivyosema anakaa Mwembetanga.

Nimeingia katika majumba yale mara nyingi, kama mgeni wa wakaazi na kama mwalimu mwenye wanafunzi wanaopima. Chumba kina mwanga, upepo unapita, na aliyepewa fleti ile miaka ya 1970 hakuwa na sababu ya kuilalamikia. Tatizo lilikuwa kwingine. Maji hayakufika ghorofa za juu, mabomba ya majitaka yalivuja ukutani, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akilipa, hakukuwa na mfuko wa kutengeneza. Zaidi ya hayo, mchoraji alisahau uwani. Mwanamke aliyekuwa akipika nje, akifua nje, akizungumza na jirani bila kutoka njiani, alipandishwa ghorofa ya nne akapewa mlango mmoja unaotazama ngazi.

Lakini watu wa Ng'ambo hawakukaa kusubiri. Tazameni chini ya majumba yale sasa. Mabaraza ya saruji yamejengwa na wakaazi wenyewe karibu na kila mlango wa ngazi. Bi mkubwa ana meza yake ya mandazi na urojo. Kamba za nguo zimefungwa kutoka nguzo hadi nguzo, na kiti cha kinyozi kipo chini ya mti uliopandwa na mkaazi, si na idara. Jioni watoto wanasoma chuoni kwenye sakafu ya chini. Hata maskani za siasa, pamoja na ubao wa maskani ya Kisonge na maneno yake makali ambayo mara nyingi yamenichoma, zimetokana na baraza la zamani. Ua uliosahauliwa kwenye mchoro umejengwa tena chini ya jumba, kipande kwa kipande, bila ruhusa. Ofisi inaviita vipande hivyo uvamizi. Kwangu mimi ndivyo vinavyolifanya jumba likalike.

Nyuma ya majumba, mitaa ya zamani imesalia. Ukitoka barabara kubwa ukapita baina ya majumba mawili, hatua 20 tu, kelele za magari zinapungua na unajikuta katika njia ya mchanga, nyumba za ukumbi kushoto na kulia, bati lenye kutu, mlango umepakwa rangi ya samawati, mzee barazani anasuka ukili. Michenzani ilikuwa ukuta tu. Ng'ambo ilibaki nyuma yake.

Ninafika sasa kwenye siku zetu hizi. Kwenye mzunguko wa Michenzani umejengwa mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, na karibu yake jengo kubwa la maduka. Kwahani nyumba za zamani zimebomolewa kupisha majumba mapya ya ghorofa. Mji unahitaji nyumba, hilo halina ubishi. Watu wamezidi, ardhi ya kisiwa haizidi, na kuendelea kutandaa mpaka tumalize mashamba ya karafuu kutakuwa ni msiba mwingine. Kujenga kwenda juu ni lazima. Ninachouliza ni nani anarudi. Mwenye nyumba aliyehamishwa, je, anarudi mtaani kwake, na mpangaji wake wa chumba kimoja anakwenda wapi? Mpangaji wa chumba kimoja hana hati ya nyumba, kwa hivyo hayumo katika orodha ya fidia, na kwa kuwa hayumo katika orodha, kwa macho ya mradi hajawahi kuishi pale. Nusu ya Ng'ambo ya zamani iliundwa na watu wa namna hiyo.

Kuna kazi njema iliyofanywa na lazima niitaje. Idara ya Mipango Miji na Vijiji, pamoja na washirika kutoka Uholanzi, iliendesha mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo. Kwa mara ya kwanza wapangaji wa mji waliingia mtaani kuuliza: mnakutana wapi, nyumba gani ina historia, mti gani usikatwe, uwanja gani watoto wanauhitaji. Atlasi ya Ng'ambo iliyotokana na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2019, na ndani yake mmo ramani za mabaraza, misikiti, visima na sinema ambazo hazikuwahi kuchorwa na Lanchester wala Dutton wala Scholz. Ningependa kuona atlasi ile inatumika kila kibali cha ujenzi kinapotolewa. Kitabu kizuri kikiwekwa kabatini hakizuii tingatinga.

Na kwa upande wa urithi, nitasema kama ninavyoamini. Tukihifadhi balkoni za Shangani tukaacha nyumba za ukumbi za Kikwajuni zianguke, tutakuwa tumehifadhi nyumba ya bwana na kuipoteza nyumba ya aliyeijenga. Sisemi kila kiambaza kigeuzwe makumbusho. Kinachowezekana ni kidogo na kinajulikana: mkopo mdogo wa ukarabati kwa mwenye nyumba ya udongo, ili asilazimike kuibomoa ndipo apewe kibali, mafundi wa chokaa, ambao wamebaki wachache, wasomeshe vijana kwenye chuo cha ufundi cha Karume, na nyumba mbili tatu za mitaani zitengenezwe vizuri zikiwa bado zinakaliwa, ili watu waone kwamba udongo na starehe vinaweza kukaa pamoja.

Nimebakiwa na ombi moja, na ni kwa nyinyi mliokuja kutoka mitaani kuliko kwa wakubwa. Katika makasha ya bibi zenu kuna karatasi. Kuna hati za kuuziana nyumba zilizoandikwa kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, kuna stakabadhi za kodi ya kiwanja za miaka ya 1920 na 1930, kuna mapatano ya mirathi yenye mihuri ya makadhi, kuna picha za harusi zilizopigwa mbele ya mabaraza ambayo sasa ni barabara. Mara nyingi mtu anapohama au anapofariki, karatasi hizi huchomwa pamoja na magodoro. Kabla hamjazichoma, zipelekeni kwenye Nyaraka za Taifa, Kilimani. Zinaweza kupigwa picha mbele yenu na mkarudishiwa zenu siku hiyohiyo. Wanafunzi wangu wawili watakaa pale mlangoni baada ya mhadhara, wana daftari. Asiyetaka kwenda Kilimani na awape mtaa wake na siku inayomfaa, sisi tutamfuata nyumbani.